Tofali Lisilopita Motoni

Ofisini walimwita Bi Zabuni. Kila jengo la umma lililosimama mjini mle, liwe darasa, zahanati au choo cha soko, lilianzia mezani kwake, kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka na feni iliyozunguka huku ikilalamika. Yeye ndiye aliyeandika manispaa inataka kitu gani na cha aina gani, kisha wakandarasi wakakigombania. Nyumbani aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Jina hilo alipewa na kaka yake, mtu pekee aliyeweza kumtuma dukani hadi leo na yeye akaenda bila kuuliza.

Asubuhi moja aliingia ofisini kwake mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, akavuta kiti akakaa kabla ya kukaribishwa.

"Nisamehe, mwanangu, miguu imegoma," alisema. "Una nafasi ya kutoka kidogo? Nataka uone kitu, si mbali."

Mwanamke huyu alikuwa mwakilishi wa mfuko wa hisani uliotoa fedha kwa miradi ya kutunza mazingira. Mfuko wenyewe ulikuwa na jina refu la kuchosha ulimi, kwa hiyo watu walimwita Mama Mfuko, na yeye alizoea. "Wengine wananifuata wakidhani nauza vifungashio," alikuwa akisema.

Alimpeleka kwenye uwanja nyuma ya karakana za maseremala. Pale chini ya turubai palikuwa na mashine ya kufyatulia matofali, ya kijani, bado inang'aa. Udongo unachanganywa na saruji kidogo, unabanwa na mashine, tofali linatoka, linamwagiliwa maji siku kadhaa na kukaushwa kivulini. Halipiti motoni, wala halili mti hata mmoja. Mfuko ulikuwa umeinunua mashine ile, ukafundisha vijana, ukakata utepe na kupiga picha. Sasa matofali yalikuwa yamepangwa safu kwa safu mpaka majani yameota katikati yake, na vijana wamekaa juu yake wakipiga soga.

Mwenyekiti wa kikundi, jamaa mrefu mwenye mabega ya kubeba mizigo, alisimama kumsalimu Kitinda kwa heshima. Alimfahamu, aliwahi kupakua kuni kwenye tanuri la kaka yake.

"Hayauziki?" Kitinda akauliza.

"Yatauzikaje, dada? Mkandarasi anakuja, anagonga, anasifu, halafu anasema: mazuri, lakini manispaa haiyataki."

"Nani kasema haiyataki?"

Jamaa akatazama pembeni. Mama Mfuko naye akajifanya anakung'uta kiatu. Ukapita muda kidogo ndipo Kitinda akahisi uso unamwaka. Kila mwaka, katika kila zabuni, aliandika maneno yaleyale: kuta zijengwe kwa tofali la udongo lililochomwa. Aliyakuta kwa aliyemtangulia, naye aliyakuta kwa mwingine, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

"Sikukuleta hapa kukusuta," alisema Mama Mfuko, wakiwa wanarudi taratibu kando ya mtaro. "Kosa la kwanza ni letu. Tuliwapa mashine, tukawapa ujuzi, mnunuzi hatukuwapa. Tukadhani kitu kikiwa kizuri kitajiuza chenyewe. Sasa bodi yangu inataka kufunga mradi. Lakini niambie wewe, katika mji huu nani anajenga kuliko wote?"

"Sisi," alijibu Kitinda. "Manispaa."

"Haya basi."

Kitinda alikunja uso akiendelea kutembea, na Mama Mfuko akadhani anawaza sheria. Kumbe alikuwa anawaza kwamba tanuri kubwa kuliko yote mjini, lililouzia karibu kila mkandarasi, ni la kaka yake.

Kaka huyo waliyemwita Tanuri alianza kuchoma matofali akiwa bado na sauti ya kitoto, baba yao alipofariki ghafla na kuwaacha na mama mgonjwa. Kwa matofali alimsomesha Kitinda tangu darasa la kwanza hadi chuo. Alimnunulia sketi za shule, akamlipia chumba cha kupanga, akamsindikiza kwenye usaili wa kazi akiwa amevaa koti la kuazima, na masizi yakiwa bado yamemganda kuchani. Kitinda aliwahi kuwaambia wenzake kwamba yeye ana shahada mbili, moja ya chuo na nyingine ya moshi, na wote wakacheka, ila yeye hakuwa anatania.

Jioni ile alimkuta kaka yake kiwandani, amekaa juu ya gogo, anakohoa. Zamani kilima kilichokuwa nyuma ya tanuri kilikuwa na miti mpaka huoni jua linapozama. Sasa kilikuwa na kipara kitupu, na kuni zililetwa kwa lori kutoka mbali, kila msimu mbali zaidi. Wifi yake alikuwa anachekecha udongo, ushungi ameufunga mpaka puani.

Kitinda alizunguka weee, akauliza habari za mifugo, habari za bega linalouma, mpaka kaka akachoka.

"Kitinda, umekuja na neno. Liteme."

Akalitema. Alimwambia kuhusu mashine, kuhusu maneno ya zabuni, kuhusu anachotaka kupendekeza kwa mkurugenzi.

Tanuri hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. "Yaani wewe," alisema, "kati ya watu wote wa mji huu. Wewe ndiye unakuja kunizimia moto."

"Kaka, moto wenyewe unazimika. Kuni zinatoka wapi sasa? Na hicho kifua?"

"Kifua changu kilikuwa hivi hivi ulipokuwa unataka ada." Akasimama, akakung'uta suruali. "Nenda nyumbani, giza linaingia."

Wifi alimsindikiza hadi barabarani. "Muache apoe, wifi," alinong'ona. "Unamjua. Akichemka hakamatiki." Lakini yeye mwenyewe alikuwa na macho ya mtu aliyesikia jambo na kulihifadhi.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi mdogo wa manispaa: mkurugenzi, mhandisi wa mji, Mama Mfuko na Kitinda. Kabla ya lolote Kitinda alisimama akasema wazi kwamba kaka yake ana tanuri, kwamba lolote litakaloamuliwa litamgusa, na kwamba wakitaka atoke atatoka. Mkurugenzi, mzee mwenye tabia ya kukunja miwani kila anapofikiri, alimwambia akae.

Mhandisi alikuwa mkweli. "Mimi tofali hili silichukii. Nimelipima, ni imara. Lakini ukuta wa shule ukipasuka, hakuna atakayemtafuta mfadhili. Mfadhili atakuwa amepanda ndege. Nitatafutwa mimi, na watoto wangu watanitembelea gerezani."

"Ana haki," alisema Mama Mfuko, jambo lililomshangaza mhandisi mwenyewe. "Woga wake ni wa haki, na hatuwezi kumwambia auvumilie bure. Basi woga huo tutaubeba sisi. Mfuko ulipie vipimo vyote. Madarasa ya mwanzo yakipata ufa kwa sababu ya tofali, mfuko utayajenga upya, tutaandikiana. Pesa yetu kazi yake iwe hiyo, kutangulia pale ambapo pesa ya umma haithubutu kukanyaga."

"Na sisi?" aliuliza mkurugenzi, miwani mkononi.

"Ninyi mnatoa kitu ambacho mimi sina hata nikilia. Ahadi ya kununua. Si darasa moja la maonyesho. Semeni: kwa miaka ijayo, majengo yetu yatapokea tofali hili sawa na lile. Mkisema ninyi, mkandarasi atasikia, na benki itasikia. Mimi nikisema, watu wanapiga makofi kisha wanakwenda kula."

Mkurugenzi alicheka, akavaa miwani, akaivua tena. Ilionekana jambo limekaribia kuiva. Hapo Kitinda, aliyekuwa ameandika muda wote bila kuinua kichwa, aliomba kusema.

"Watu wa matanuri tunawaweka wapi?"

Mkurugenzi alikunja miwani.

"Mradi wa mama ulichagua vijana wasio na kazi. Sawa. Lakini waliokuwa na kazi hawakuitwa hata mafunzoni, kwa sababu ni wachafuzi. Sasa tunawaondolea soko. Wale si wachafuzi tu, ni watu. Ni wapakuaji, wachanja kuni, ni kina mama wanaokanda udongo. Mnawafungia mlango halafu mtashangaa wakirusha mawe." Sauti ilimtetemeka, akaiachia itetemeke. "Mimi nimelelewa na moshi huo. Siwezi kuandika sentensi mpya inayomtupa aliyenilea. Nitaiandika, lakini si hivyo."

Mama Mfuko alipekua karatasi zake. Kisha akasema polepole, "Hilo halimo kwenye bajeti yangu." Na baada ya kupumua: "Na lilipaswa kuwemo. Nipeni muda nikagombane na bodi."

Aligombana kweli. Aliporudi alikuwa amepungua mwili na sauti imekauka, lakini alikuwa na jibu. Bodi ilikubali kuongeza mashine kwa ajili ya wachomaji waliokuwa tayari kuacha moto, na kuwalipa posho ya kujikimu msimu mzima wakijifunza, ili watoto wao wasilale njaa wakati wazazi wanabadili kazi. Manispaa ilitoa ardhi na maji, na ikabadili maneno ya zabuni. Kitinda aliyaandika mwenyewe, na mhandisi akayasoma mara mbili, akatia sahihi.

Wenye matanuri madogo walikuja mmoja mmoja, wakiwa na mashaka, mikono nyuma. Tanuri hakuja. Alisema hatafunzwa kazi ya udongo na watu aliowafunza yeye kushika koleo. Wafanyakazi wake wakaanza kupungua: leo huyu anaumwa, kesho yule amefiwa, na wote wakaonekana kwenye uwanja wa mashine wakiwa wazima wa afya. Halafu akaondoka mtu ambaye hakumtarajia kabisa.

"Mke wangu ananiacha asubuhi na kunirudia jioni," alimlalamikia jirani. "Nikimuuliza anakwenda wapi, ananiambia anakwenda kufyatua. Anafyatua kwa nani, mimi nikiwa hapa?"

Wifi hakubishana naye. Alipika, alifua, alimwekea maji ya kuoga, na kulipokucha alifunga ushungi akaenda. Usiku alilala bila kukohoa, na hilo Tanuri alilisikia vizuri kuliko maneno yoyote.

Kwa Kitinda ulikuwa wakati mgumu. Alipiga simu, haikupokelewa. Alimtumia salamu kwa wifi, zikarudi mikono mitupu. Ofisini wakandarasi wawili waliozoea tofali la zamani walimnunia, na mmoja akatangaza mgahawani kwamba Bi Zabuni ameuza ndugu yake kwa wazungu wa mfuko, ingawa huo mfuko haukuwa na mzungu hata wa dawa. Kitinda alirudi nyumbani akajifungia chumbani, akalia, akaosha uso, akaenda kumsaidia mtoto wake hesabu.

Kisha idara ya misitu ikaacha kutoa vibali vya kuni. Lori la Tanuri lilirudishwa njiani. Tanuri lake lilikuwa limeshapangwa matofali na kuwashwa, na moto ukafa katikati, kabla ya wakati wake. Habari zilimfikia Kitinda kazini mchana. Hakuaga vizuri. Alivua viatu vyake vya ofisini, akavaa kandambili alizoweka chini ya meza, akaenda.

Alimkuta kaka yake peke yake, analibomoa tanuri ili kutoa matofali. Yalikuwa yameiva nusu, nje mekundu, ndani bado udongo. Ukilikamata moja kwa nguvu linakatikia mkononi. Kitinda alifunga kanga kiunoni, akasimama chini yake, akanyoosha mikono kupokea. Kaka akasita, kisha akamrushia la kwanza, halafu la pili, kama walivyokuwa wakifanya alipokuwa msichana wa shule. Walifanya hivyo mpaka mikono ikawa miekundu.

"Huu wote ni uchafu," alisema Tanuri mwishowe, akikaa chini. "Hakuna la kuuza hapa."

"Najua, kaka."

"Unajua." Akacheka kidogo, bila furaha. "Unadhani mimi ni mkaidi? Kwamba sioni? Kilima hiki nimekimaliza mimi, Kitinda. Nakiona kila siku, niko macho." Akajifuta uso, akajipaka vumbi zaidi. "Lakini nitakwenda pale nikaanzie wapi? Mwenyekiti wao nilikuwa namlipa vibarua. Nilikuwa namkaripia mbele za watu. Leo nimwambie shikamoo bosi?"

Basi kumbe ndilo hilo. Kitinda alikuwa amejiandaa kujibu kuhusu mapato, kuhusu soko, kuhusu kifua. Aibu hakuitarajia. Akakaa vumbini pembeni yake, mabega yakagusana.

"Mimi ulipokuwa unanivalisha nguo zako za kubebea matofali nije kukusaidia, nilikuwa naona aibu," alisema. "Wenzangu shuleni walinicheka. Uliniambia nini?"

"Sikumbuki."

"Uliniambia aibu haiui, ila inawasha."

Tanuri akaokota kipande cha tofali, akakivunja. "Nilikuwa na maneno mengi enzi zile," akasema. Kisha akauliza, akitazama upande mwingine, "Wifi yako anasema wanaanza saa ngapi?"

Siku aliyokwenda, uwanja mzima uligeuka kumtazama. Mwenyekiti aliacha koleo, akamfuata, na kabla Tanuri hajafungua mdomo, akamwamkia: "Shikamoo, mzee." Tanuri akajibu marahaba. Wakampa kazi ya anayeanza: kumwagilia matofali mabichi. Mtu aliyeishi na moto maisha yake yote akapewa ndoo ya maji, na mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. Tanuri naye, ingawa alijitahidi kukunja uso, akashindwa.

Mambo hayakwenda kama mteremko. Manispaa, kama kawaida yake, ilichelewa kulipa, na ilibidi Mama Mfuko akipe kikundi mkopo wa kuvukia hadi kilipwe, huku Kitinda akimfuata mkurugenzi kila alipokwenda, hadi maegesho ya magari, mpaka mzee akasema, "Bi Zabuni, utanifuata hadi msalani?" Naye akamjibu, "Nitasubiri nje, mheshimiwa." Malipo yakatoka. Baada ya hapo ikawekwa kanuni kwamba vikundi vya namna ile vilipwe kwanza. Mvua kubwa za mwaka ule zilipokwisha, mhandisi alizunguka madarasa mapya akipapasa kuta kwa kiganja. Hakukuta ufa. Usiku ule, alisema, alilala kama mtoto aliyenyonya.

Mama Mfuko aliaga muda wake ulipokwisha. Watu waliuliza kama mfuko utaleta mashine nyingine. "Sitaki mnihitaji," aliwaambia. "Nikirudi hapa niwe mgeni wa chai tu."

Zabuni za mwaka uliofuata zilipofunguliwa, Kitinda aliomba kutokaa kwenye kamati, kwa kuwa sasa kaka yake alikuwa mwanachama wa kikundi kilichoomba kazi. Mwenzake akachukua nafasi. Kwa hiyo ndugu wawili wakajikuta wamekaa benchi moja kwenye korido ya manispaa, wakisubiri mlango ufunguliwe. Tanuri alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Mkononi alikuwa na bahasha tupu aliyoikunja na kuikunjua.

"Wale ni kina nani?" aliuliza, akiashiria kwa kidevu wanaume wawili waliovaa tai upande wa pili.

"Kampuni mpya. Nao wamenunua mashine kama yenu."

"Mfuko umewapa?"

"Hakuna aliyewapa kitu. Wamekopa benki wenyewe."

Tanuri akageuka mzima mzima. "Benki imetoa mkopo kwa tofali hili? Benki hii hii iliyonifukuza mimi na tanuri langu?"

"Hii hii."

Mlango ulipofunguliwa, karani alisoma matokeo. Kikundi kimepata zahanati. Kampuni imepata madarasa.

Tanuri alinyanyuka, uso umejaa hasira ya mfanyabiashara aliyepokonywa tonge mdomoni. "Madarasa yote? Kitinda, unawaona watu hawa? Kazi tumeihangaikia sisi, mvua tumenyeshewa sisi, leo wanakuja na tai zao!"

Kitinda alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka kwa sauti kwenye korido ya serikali, watu wakageuka.

"Unacheka nini? Ndugu yako anaporwa!"

"Huporwi, kaka. Una washindani." Akamshika mkono wakaanza kushuka ngazi. "Njoo, nikununulie chai, unieleze mwakani mtawashindaje."

"Mwakani?" alisema Tanuri, akiwa tayari anahesabu kichwani. "Mwakani hawatanusa. Wale udongo wao wanautoa wapi? Subiri nikwambie..."

Na akaanza kumwambia, wakiwa njiani, akitumia mikono yote miwili.